Mgeni wa Mshona Nguo

Kabla hawajapiga picha hata moja ndani ya chumba kile, Sikio aliwaomba wenzake wanyamaze ili arekodi kimya.

Watu hucheka wakiambiwa kwamba kimya kinarekodiwa, lakini ndivyo kazi ya sauti ilivyo. Kila chumba kina kimya chake: kipo kinachovuma, kipo kinachonong'ona, kipo kilichokufa ganzi. Wakati wa kuunganisha filamu, kimya hicho hutandikwa chini ya maneno ya waigizaji kama mkeka chini ya wageni. Basi wote wakasimama wasitikisike. Bosi, mtunzi na mwongozaji, alikuwa katikati ya chumba, mikono kiunoni; aliitwa Bosi kwa sababu hakuwahi kumwajiri mtu yeyote maishani mwake. Ngazi, mpiga picha, mrefu wa kugonga kichwa kila mlango, aliinama nyuma ya kamera. Kidoti, mwigizaji wao, alilala chali juu ya godoro kuukuu, tayari kupagawa mara tu atakapoambiwa. Sikio mwenyewe alivaa hedifoni, akabana pumzi asijirekodi, akafumba macho.

Alizisikia pumzi zao. Ya Bosi ilikuwa fupifupi, ya mtu mwenye haraka. Ya Ngazi ilipiga mluzi mdogo puani. Ya Kidoti ilikuwa laini. Na nyingine ilikuwa ndefu, ya taratibu, karibu kabisa na maikrofoni, kama ya mtu aliyeinama kuitazama na asijue ni kitu gani.

Sikio alifumbua macho. Karibu na maikrofoni hapakuwa na mtu.

"Vipi?" Bosi aliuliza.

"Hakuna kitu. Upepo."

"Dirisha tumelifunga," alisema Ngazi.

"Basi panya."

"Panya gani huyo wa kukutoa macho hivyo?" Kidoti akacheka, na wengine wakacheka naye, kwa sababu hawakuwa na muda wa kufanya jambo jingine.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Filamu yao fupi ilitakiwa iwe mezani kwa waandaaji wa shindano kesho yake kabla ya adhuhuri, na mpaka asubuhi ile hawakuwa na shoti hata moja ya ndani. Mwenye nyumba aliyewaahidi sebule yake aligeuka kama kinyonga, akasema mkewe ameota vibaya. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya mganga akazima simu. Bosi alikuwa amekaa kando ya barabara, kichwa mikononi, akilalamika kwamba ujana wote umeishia kupiga picha harusi za watu, ndipo Sikio aliposema neno ambalo baadaye alitamani lingemkwama kooni.

"Kuna nyumba ya marehemu mama mdogo wangu. Haina mtu."

Mama mdogo alikuwa mshona nguo. Alikufa Sikio akiwa mtoto bado, na alichoambiwa ni kwamba homa kali ilimchukua kwa siku moja. Alimkumbuka kwa harufu yake, mafuta ya cherehani na nguo mpya iliyotoka kupigwa pasi, na kwa magauni aliyomshonea. Kila gauni alilitia mifuko, hata la kulalia. Mtoto wa kike asiye na mfuko, alikuwa akisema, ataishi akiwaomba watu wamshikie vitu vyake. Alimwita "mwenye mifuko" mpaka siku ya mwisho. Baada ya mazishi, mama yake Sikio aliifunga ile nyumba, akautundika ufunguo nyuma ya mlango wa jiko, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Siku hiyo Sikio aliuchukua mama yake akiwa sokoni, akijiambia utarudi mahali pake kabla haujatafutwa.

Wakachagua chumba cha kazi, chenye dirisha moja, meza ya kukatia vitambaa, na cherehani iliyofunikwa shuka. Juu ya fremu ya mlango palikuwa na misumari mitatu mikubwa iliyosokotwa uzi mweusi. Ngazi aliing'oa kwa koleo apate nafasi ya kutundika kitambaa cha kuzuia mwanga, akaitupa uani. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Baada ya hapo ndipo Sikio aliporekodi kile kimya.

Kazi ikaanza, na mwanzoni ilikwenda vizuri. Kidoti alikuwa na kipaji cha kutisha watu. Aligeuza macho, akakwaruza sakafu, akalia kwa sauti iliyomfanya hata Bosi asogee nyuma. Lakini Sikio, kila walipotulia, alikuwa akisikia masikioni tak-tak-tak-tak ya cherehani ikienda, ikasimama, ikaenda tena, kama fundi anayekunja pindo. Akivua hedifoni, kimya. Akitazama, shuka imelala juu ya mashine vilevile, vumbi lake halijaguswa.

Walipopumzika kidogo, Kidoti akapiga ukelele.

"Jamani, nani kanifanyia hivi?"

Gauni lake la mchezo lilikuwa limechanwa makusudi begani na magotini, maana Bosi alitaka msichana anayetia huruma. Sasa halikuwa na tundu hata moja. Kila mchano ulikuwa umefungwa kwa mshono mdogo, mnyoofu, wa mkono uliojua kazi yake, na kiunoni ulikuwepo mfuko ambao asubuhi haukuwepo.

"Nani kalishona?" Bosi aliwaka. "Mnajua maana yake? Kwenye shoti ya kwanza limechanika, kwenye ya pili zima! Watazamaji watasema msichana kapagawa na fundi!"

"Nilikuwa nimelivaa, Bosi," Kidoti alisema kwa sauti ya chini. "Lilikuwa mwilini mwangu."

Bosi alilichana tena kwa mikono yake mwenyewe. Sikio alikuwa anautazama ule mfuko, akatafuta namna ya kusema tufungashe twende, na pengine angesema, lakini hapo hapo pakapigwa hodi mlango wa nje.

Alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, mnene, msafi, mwenye kanzu iliyonyooka na bakora ya kutembelea. Watu walimwita Tabibu.

"Nimesikia mnatafuta mtu wa kuigiza mganga," alisema. "Mimi sihitaji kuigiza, vijana wangu. Nimeifanya kazi hii tangu nikiwa na meno yote."

Bosi karibu amkumbatie. Hata hakumwuliza alisikia wapi. Sikio alimbana mzee maiki ndogo ndani ya ukosi wa kanzu, akapitisha waya mrefu, akamwomba ahesabu moja mpaka kumi. Mzee akahesabu kwa sauti nzuri ya mtu anayependa kujisikia. Kisha Bosi akamchukua uani kumweleza onyesho lenyewe, na kama ilivyo kawaida ya watu wasiozoea maiki, mzee akasahau kwamba anayo. Sikio alibaki chumbani akirekebisha mashine ya kurekodia, hedifoni masikioni, akiwasikia kana kwamba wamesimama begani kwake.

"Utamchapa mgonjwa," Bosi alikuwa anasema. "Yaani utachapa godoro kando yake. Kamera haitaonyesha."

"Najua kuchapa. Na chumba chenyewe nakijua," alisema Tabibu. "Humu humu ndimo nilimomtoa jini mkaidi kuliko wote niliokutana nao."

"Kweli, babu? Humu?"

"Alikuwa na mshona nguo. Mwanamke mbishi, hataki kuolewa, usiku anacheka na kuzungumza peke yake. Dada yake akaja kuniita. Nikapiga misumari mlangoni ili jini akishatoka asirudi, nikafukiza, nikachapa tangu adhuhuri. Alilia mpaka sauti ikakauka. Na nguvu alizokuwa nazo! Dada yake ndiye aliyemshika miguu, la sivyo angetuchomoka."

"Ikawaje?"

"Jini alitoka."

"Na yule mama?"

"Yeye hakuvumilia," alisema Tabibu, kama seremala anayesema kidole kimekatika lakini mlango umekaa sawa. "Lakini jini alitoka."

Mama yake Sikio alikuwa na ndugu mmoja tu duniani.

Sikio alijikuta amekaa sakafuni. Homa, walimwambia. Alipelekwa kwa jirani tangu asubuhi, akapewa uji, akaambiwa acheze. Na alicheza, alikumbuka kwamba alicheza. Harufu ya nguo iliyopigwa pasi ikajaa chumbani, nzito, ya moto, na katika hedifoni, karibu kuliko sauti ya Tabibu, mtu akavuta pumzi ile ndefu.

"Umesikia, mwenye mifuko," sauti ikasema.

Haikuwa ya kiume wala ya kike. Ilikuwa sauti ya kiumbe aliyejifunza kusema kwa kumsikiliza mtu mmoja tu; kila neno lilikuwa na kituo cha mama mdogo, na mwisho wa sentensi ulipanda kidogo kama alivyokuwa akiupandisha yeye, mdomo ukiwa umebana pini.

"Wewe nani?" Sikio alinong'ona.

"Mgeni wake. Alikuwa akiimba akishona, nikaja kukaa nimsikilize. Sikumwingia. Sikumtesa hata siku moja. Usiku nilimshikia taa. Alinisimulia vichekesho, nikajifunza kucheka. Siku ile mzee alinifungia nje kwa misumari, kisha akaanza kunitoa mahali nisipokuwapo. Nilisimama mlangoni. Nilisikia yote. Wewe unajua kusikia ni nini."

Sikio alikuwa analia bila sauti, kazi imemzoeza hivyo.

"Leo mlango uko wazi naye amekuja kwa miguu yake," sauti ikaendelea. "Lakini wewe ndiye damu yake. Haki ni yako kwanza. Ukisema basi, ni basi. Nitakaa pembeni. Usiposema, nitafanya."

Mlango ukafunguliwa. Bosi aliingia akisugua viganja, Tabibu nyuma yake, akipita chini ya kitambaa cheusi kilichoificha fremu pale juu. Mzee alisimama kizingitini kidogo, akanusa, kama mtu aliyesikia harufu ya nguo ya mtu anayemjua. Kisha akatabasamu kwa sababu kamera ilikuwa inamtazama, akaingia.

"Mahali penu," Bosi alisema. "Sikio, sauti?"

Sikio aliinua kichwa. Neno lilikuwa pale pale, fupi, rahisi, mtoto mdogo analiweza. Alimtazama mzee alivyokuwa anakunja mikono ya kanzu, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, na akamwona mama mdogo sakafuni hapo hapo.

"Sauti iko sawa," alisema.

"Haya, twende!"

Tabibu aliinua bakora, akalipiga godoro kando ya Kidoti. Pah! Vumbi likaruka. Shoti nzuri. Akapiga tena, na safari hii Sikio, aliyekuwa amesimama upande wa mgongo wa mzee, aliona kanzu ikipasuka kutoka bega hadi ubavu, mstari mmoja mwembamba, kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Mzee alishtuka. Mkono ukapanda wenyewe. Pah! Mstari wa pili. Macho yake yalimtoka, akajaribu kuuzuia mkono wa kulia kwa wa kushoto, na Ngazi nyuma ya kamera akanong'ona, "Anajua huyu mzee, anajua kweli," na Bosi akamwashiria asiache, endelea, endelea, na bakora ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kila pigo likitua kwenye godoro na kila alama ikitokea mgongoni mwake, na Kidoti amelala kimya akitazama dari, midomo yake ikicheza, akiimba taratibu wimbo wa mtu anayekunja pindo, wimbo ambao hakuna aliyemfundisha.

Tabibu alikuwa ameufungua mdomo wote, mishipa imesimama shingoni, lakini chumbani haikusikika hata kwikwi. Kilichosikika ni bakora na ule wimbo. Mayowe yake yote yalikuwa yanaingia kwenye maiki ya kifuani, yanapita kwenye waya, na kumwagika katika masikio ya mtu mmoja tu. Nisaidieni, alikuwa akipiga mayowe. Nakufa, wanangu, mkono si wangu. Sikio aliyasikia maneno yote. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha sauti. Naye, Mungu amsamehe, hakuipunguza sauti. Alikizungusha mbele, mayowe yakawa makubwa zaidi, na moyoni akawa anasema, lia, na wewe lia mpaka sauti ikauke.

Huenda angeendelea hivyo hadi mwisho. Lakini mzee, akiwa amepiga magoti, damu imeigeuza kanzu rangi na mkono bado unapiga, alilia katika maiki: "Si mimi peke yangu! Dada yake aliniita! Dada yake alimshika! Mfuateni dada yake!"

Wimbo wa Kidoti ukakatika. Ile pumzi ndefu masikioni mwa Sikio ikasimama, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Basi!" Sikio alipiga kelele. "Basi! Basi!"

Bakora ikaanguka. Mzee akaanguka juu yake. Ndipo Bosi alipoona damu, Ngazi akaiacha kamera, na Kidoti akaruka kutoka kwenye godoro akipiga mayowe, akiuliza kwa nini mdomo wake una ladha ya pini.

"Huyu basi," sauti ikasema kwa utulivu. "Na yule aliyemshika miguu?"

Sikio alivua hedifoni, akaitupa ukutani.

"Na yule?" sauti ikauliza tena, ndani ya sikio tupu.

Hospitalini, Tabibu alipovuliwa kanzu, mgongo wake ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Damu ilikuwa kwenye nguo tu, na haikujulikana imetoka wapi. Daktari alisema ni kiharusi, kimemchukua ulimi na upande wa kulia. Nesi alishangaa kitu kimoja: kwamba ikifika adhuhuri mzee alianza kurukaruka kitandani, pigo baada ya pigo, mdomo wazi bila sauti, mpaka jua likielekea kuzama. Hivyo kila siku. Hakufa. Ingekuwa heri kwake kama angekufa.

Filamu haikufika kwenye shindano. Bosi, usiku ule ule, alikuwa bado ana moyo wa kusema tuiunganishe, picha zipo, mzee mwenyewe angependa. Watu wenye ndoto huwa hawana haya. Lakini sauti yote ilikuwa mikononi mwa Sikio, na ndani yake mzee alikuwa akimtaja dada wa marehemu. Aliifuta mbele yao.

"Umetuua," Bosi alimwambia. "Unajua umetuua?"

"Sijamuua mtu yeyote," Sikio alisema, ingawa hakuwa na hakika.

Hawakufanya kazi pamoja tena. Kidoti aliacha uigizaji kabisa.

Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa amesimama jikoni, akiutazama msumari mtupu nyuma ya mlango.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mama mdogo." Sikio aliuweka ufunguo mezani. "Kwenye chumba cha kazi. Na Tabibu alikuwepo."

Mama alitafuta kiti kwa mkono kama kipofu, akakaa. Alizeeka pale pale.

"Ulimshika miguu," alisema Sikio.

"Mwanangu..."

"Ulimshika miguu, mama?"

"Nilidhani namwokoa." Mama alizungumza akitazama sakafu. "Alikuwa anacheka usiku na mtu nisiyemwona. Niliogopa. Tabibu alisema ni maumivu kidogo tu kisha atapona. Mama yako mdogo alikuwa ananitazama mimi, si yule aliyekuwa anampiga. Mimi. Nikamwambia vumilia kidogo, mdogo wangu, vumilia kidogo tu."

Hasira ilimpanda Sikio kutoka tumboni, nyeusi, na ikaja na maneno yake. Nakuchukia, alitaka kusema. Afadhali ungekufa wewe. Hakuyasema, aliyafikiria tu. Na mama yake akashika kifundo cha mguu ghafla, akaguna kwa maumivu. Chini ya pindo la gauni, juu ya vifundo vyote viwili, ngozi ilikuwa inabonyea yenyewe, vidole vinne upande huu na gumba upande ule, inabonyea na kukaza, na kiti kilianza kuvutwa taratibu kuelekea mlangoni.

"Yaseme tu," sauti ikanong'ona sikioni. "Yaseme tu, mwenye mifuko."

"Basi!" Sikio alijitupa sakafuni, akaikumbatia miguu ya mama yake. "Basi, nakuomba. Basi, basi, basi!"

Ile mikono ikalegea. Alama zikabaki, za buluu, na tangu siku hiyo mama akawa anachechemea.

"Unazungumza naye," mama alisema kwa sauti ndogo sana. Hakuwa anaitazama miguu yake. Alikuwa anamtazama Sikio, kwa macho yale ambayo bila shaka aliwahi kumtazama nayo mtu mwingine. "Amekuingia."

"Hajaniingia, mama. Yuko kando tu."

"Tutafute mtaalamu. Si kama yule, mtu wa dua, mpole..."

"Hakuna mganga atakayekanyaga humu ndani. Umenisikia? Hata mmoja."

Mama alinyamaza, na Sikio akaudhania ule unyamavu kuwa ni ahadi.

Miezi ikapita. Mtaani, Sikio alisifiwa kwa adabu. Hakumwinulia mama yake sauti, hakumnunia, hakubamiza mlango. Wazazi wengine waliwasimanga binti zao kwa mfano wake. Hawakujua kwamba kila mara mama alipomkera, kwa neno dogo tu la nyumbani, kwa chumvi iliyozidi au taa iliyoachwa ikiwaka, pumzi ilisimama sikioni mwake, ikisubiri, na ilimbidi aimeze hasira haraka kabla haijawa neno. Usiku ilikuwa vigumu zaidi. Ndotoni mtu hachagui anachokasirikia. Aliamka akitokwa na jasho, akinong'ona gizani, basi, basi, si sasa, basi. Na mara nyingine, kwa uchovu, alikuwa akizungumza na mgeni wake mambo mengine pia, akimwuliza mama mdogo alipenda nini, aliimba nini, na mgeni akamsimulia kichekesho cha kale cha mteja aliyeshonewa suruali ya miguu mitatu, na Sikio, bila kujua, akacheka kwa sauti.

Nyuma ya ukuta, mama yake alikuwa macho, akisikiliza.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, mama aliingia chumbani kwake akichechemea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Usinikasirikie, mwanangu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nimekaa nimeshindwa. Hutaki kusikia habari ya kuolewa. Usiku unacheka na mtu nisiyemwona. Sitakubali kuzika tena. Nimemwita mtu. Ametoka mbali, watu wanamsifu sana. Ni mpole, ameniapia."

"Mama, umefanya nini?"

"Hatachapa sana. Kidogo tu, atoke. Na mimi nitakuwapo, nitakushika mwenyewe."

Uani pakasikika nyayo nzito, na mtu akisafisha koo. Moshi wa ubani ulianza kupenya chini ya mlango, na pamoja na hodi zikaja sauti za nyundo, moja, nyingine, msumari wa kwanza ukiingia katika fremu juu ya mlango.

"Mama, mwambie aondoke. Sasa hivi. Nakuomba kwa yote uliyonilea kwayo, mwambie aondoke!"

"Vumilia kidogo," mama alisema, akishuka sakafuni kwa taabu, akiinyoosha mikono kuitafuta miguu ya binti yake. "Vumilia kidogo tu."

Harufu ya nguo iliyotoka kwenye pasi ikaufunika ubani wote. Sikio hakuwa na hasira, aliitafuta moyoni asiione, alikuwa na woga mtupu na huruma, akafungua mdomo alitamke lile neno kwa nguvu zake zote. Halikutoka. Kitu baridi, kitamu kidogo kama chuma, kilikuwa kimemjaa kati ya midomo, na ulimi ulipogusa ukakuta vichwa vidogo vya pini vimepangwa safu.

"Hapana, mwenye mifuko," sauti ikamwambia, kwa upole ule ule wa mshona nguo. "Usihangaike kusema. Siku ile nilifungiwa nje; safari hii wamenifungia ndani."

Nyundo ikapiga msumari wa mwisho.